Isale la Sebuleni

Gari la ng'ombe lilipoondoka Nkoaranga, Elinaza alikuwa amekumbatia isale bichi, mmea wa majani marefu. Mama Ndekirwa, aliyeketi mbele yake, akamwonea huruma, maana kwa Wameru abebaye isale huenda kuomba radhi.

"Umemkosea nani, mwanangu?"

"Sijakosa, mama. Bibi Mjerumani ninayemtumikia analo lake sebuleni, chunguni. Alisema nilinyweshe udongo ukikauka tu. Mimi kwa upendo nikalinywesha kila siku, likaoza. Naweka hili mahali pake kabla hajarudi safari. Akijua, kazi sina."

"Basi mpe mkononi, umwombe radhi."

"Ataona majani tu. Hajui isale husema nini."

"Wewe unajua."

Gari likasimama mbele ya nyumba ya Bibi. Bibi alikuwa amekwisha rudi, yuko barazani. Elinaza akateremka na isale lake, na abiria wote garini wakachungulia waone ni la kuombea radhi au la kudanganyia.