Mawe Meupe ya Yotham Chilongani

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Mkonze na wageni mliotoka mbali, mimi ni Edina, mdogo wa marehemu, tumbo moja, nimepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia, na wanaonijua wanajua siwezi kusoma kilichoandikwa tu nikanyamaza, kwa hiyo mnivumilie.

Kaka yetu Yotham Chilongani alizaliwa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Alianza shule palepale Gulwe, akaendelea na shule ya kati Mpwapwa mwaka 1953, akaachia darasa la saba, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa sababu watu walikuwa wamefyeka miti yote ya vilimani juu ya kijiji wakalima, mvua iliponyesha mchanga ukateremka, ukafunika shamba lote la uwele la mama, na ada ikakosekana. Shamba lile halikuota kitu tena, mama amekufa akililalamikia.

Alifunga ndoa na wifi yangu Ruthu tarehe 8 Oktoba 1966 kanisani Mpwapwa, wakajaliwa watoto watatu, Mungu akawatwaa wawili wakiwa wachanga, akawaachia Batholomeo, huyu mnayemwona karibu na jeneza.

Makao makuu yalipoanza kuhamia Dodoma, mwaka 1976 alihamia hapa Mkonze, akaajiriwa kulinda milima ya mji, maana waliochora ramani walikuwa wameamua kwamba kuanzia kiunoni mwa mlima kwenda juu mtu asijenge wala asilime, ili maji yasije yakawashukia walio chini. Kila mwaka kabla ya mvua alipanda na ndoo ya chokaa, akayapaka mawe yaliyopangwa kuonyesha mwisho huo, na ole wako umuulize anafanya nini, atakueleza habari za shamba la mama mpaka ujute.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, mitumba ruksa, maduka ruksa, viwanja vya bondeni vikapanda bei, na watu wa kima chetu wakaanza kutazama juu. Walipoona mawe meupe wakadhani ni viwanja vimeshapimwa, wakajenga hadi kwenye jiwe, palipobana wakalisogeza jiwe, yeye akalirudisha, wao wakalisogeza tena.

Mwaka 1992 Batholomeo alikuwa na mke mjamzito na hana pa kuishi, akafyatua tofali kwa mikono yake, akajenga vyumba viwili juu kidogo ya mawe. Kaka alipeleka jina lake ofisini kama alivyopeleka ya wengine. Ruthu alimpigia magoti, mimi nilimtukana, na hata leo mbele ya jeneza sijutii. Yeye akamwambia mwanawe, "Nikikuacha wewe, nitamzuia nani?" Tarehe 19 Mei 1993 nyumba ikabomolewa, Batholomeo akachukua mke, mtoto na mabati yake, akapanda treni kurudi Gulwe, na hakukanyaga tena kwa baba yake.

Miaka miwili baadaye, mahali palepale, ikasimama nyumba ya ghorofa ya mkubwa mmoja, ina ukuta na tangi la maji, tena ina kibali chenye muhuri. Kaka alipeleka taarifa, akaambiwa asubiri, akapeleka nyingine, akaambiwa umri umekwenda, na mwaka 1996 akapunguzwa kazini. Ofisi yenyewe sitaitaja, nayo haikutuma mtu hapa leo.

Aliendelea kupanda, chokaa ananunua mwenyewe, watoto wanamwita Bwana Mpaka. Mvua za Elinino, mwanzoni mwa 1998, ziliushusha mlima mashambani mwetu, shamba lake likalala chini ya mchanga, akasimama ukingoni akaniambia, "Edina, Gulwe imenifuata."

Novemba mwaka jana aliteleza huko juu na ndoo yake, akavunjika nyonga, kulala kukamletea vidonda na homa ya mapafu, akafariki hospitalini Ijumaa tarehe 9 Aprili 1999, saa kumi alasiri. Kila asubuhi aliuliza kama Batholomeo amefika. Tulituma habari Gulwe zaidi ya mara moja, na Batholomeo amefika jana. Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja na wajukuu wawili, ambao mdogo wao hakupata kumwona.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliochoka kumgeuza kitandani, wenzake wawili wa kazini waliokuja kwa nauli zao, majirani wa chini waliopika, na majirani wa juu pia, kwani maji ya msiba huu yametoka kwenye tangi la ile nyumba ya ghorofa, mwenyewe katoa bure, na sote tumeyanywa.

Jana jioni Batholomeo alipanda mlimani, hakuna aliyemtuma, akayashusha mawe ya baba yake, yako pale pembeni ya kaburi, tukishafukia yatazungushwa. Anasema kule juu hayamzuii mtu, na nimekwenda kutazama, ni kweli, nyumba zimefika kileleni.

Pumzika, kaka yangu. Na haya nayo wakiyasogeza, hakuna tena wa kuyarudisha.