Fasta Anangoja Jibu

Benchi letu la Kansanga lipo kando ya barabara ya Ggaba, mbele ya kibanda cha Monique, mama wa Kikongo anayetuuzia kahawa ya tangawizi na kutuvumilia. Asubuhi hiyo Olweny, dereva wa bodaboda, alikuwa amechanganyikiwa, akatuchanganya na sisi. Tunamwita Fasta, maana hunywa kahawa akiwa juu ya pikipiki, helmeti kichwani, injini ikinguruma. Wakala alikuwa amempatia kazi ya ulinzi Uarabuni, miaka miwili, na alitaka jibu kabla ya saa sita mchana. Mkewe Abalo, mwenye mimba changa, hakusema ndiyo wala hapana. Alimwambia tu atulie, amsikilize Mungu.

— Nimesikiliza, akasema Fasta. Ijumaa nimekesha kanisani. Jana nimeomba kutoka hapa mpaka Port Bell, na abiria nyuma. Mungu iko kimya.

— Wewe unaomba namna gani? akauliza Afande Ocaya, polisi mstaafu ambaye kwake dunia yote ni kituo.

— Kwa nguvu, afande.

— Hapo ndiyo shida. Redio ya polisi, ukibonyeza kitufe unasema. Usipoachia, mwenzako hawezi kuingia. Wewe umebonyeza toka Ijumaa.

Neno hilo lilituingia, nikadhani mambo yameisha. Lakini Jean-Pierre alikuwepo. Tunamwita Spika, kwa sababu ndiye mtunza spika za kanisa lao, na haamini kitu kilichosemwa kwa sauti ndogo.

— Hapana, ndugu yangu. Kwetu Bukavu tunafunga kwanza. Debe tupu haliachi kuvuma. Tumbo ikiwa tupu, Mungu anaisikia mbio.

— Na hii kahawa? akauliza Fasta.

— Kahawa si chakula.

— Tumbo ni ya kusema, akasema Afande. Sisi tunatafuta kusikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndiyo? Basi azibe masikio. Ya nje ikifungwa, ya ndani inafunguka.

Fasta, maskini, akaziba masikio juu ya helmeti. Spika akasema Mungu hapiti sikioni, hupita unyayoni, ndiyo maana Musa aliambiwa avue viatu. Afande akataka avue vyote viwili. Spika akasema kimoja kinatosha, kingine ni cha kubadilishia gia. Nilicheka, kisha nikamwona Fasta anafungua kamba za kiatu kweli, na kicheko kikanikauka. Mtu alikuwa anamtafuta Mungu, sisi tunampa michezo.

Monique akatuamuru tunyamaze sote, tumsaidie kusikiliza. Tukanyamaza. Hata kahawa haijapoa, Afande akakohoa, Spika akapokea simu, na injini ya Fasta ikaendelea kunguruma.

Ndipo akaja mama mmoja na kikapu, anatafuta boda ya kwenda Mengo. Alipoona wanaume wazima wameinama, mmoja na kiatu kimoja, akauliza nani amefariki. Tukamweleza, kila mtu na lake. Akatusikiliza mpaka mwisho.

— Pole, bambi, maskini wee. Na huyu kijana alimwuliza Mungu nini?

Tukamgeukia Fasta.

— Nilimwambia abariki safari, akasema. Nikamwambia viza ipite. Nikamwambia amlinde Abalo nikiwa kule.

— Hayo umemwambia. Ulimwuliza nini?

Fasta akamtazama Afande, na Afande akatazama kikombe chake. Spika naye akazima simu yake.

Simu ya Fasta ikalia. Alikuwa wakala. Aliiacha ikalia mpaka ikachoka, kisha akazima injini, akavua helmeti, akaja kukaa nasi benchini. Yule mama akaweka kikapu chini.

Monique akainamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyeinuka.