Gadi Twalibu Lugembe na Bendera Nyekundu Kwenye Theluji

Ndugu mfanyakazi mwenzangu, nakusihi kabla hujaendelea: kila neno lililomo humu liishie kwako. Wasifu rasmi wa Ndugu Twalibu Lugembe utasomwa Jumamosi pale stesheni, nami ndiye niliyeupiga taipu. Huu ni mwingine. Unapita mkono kwa mkono, na tafadhali sana, usipite mkono wa Ndugu Meneja.

Ndugu Twalibu anastaafu tarehe 30 Novemba 1974, baada ya kuitumikia Reli kwa miaka thelathini. Alizaliwa Lusu, Nzega. Alianzia hapa Tabora kama kibarua wa kuosha mabehewa, akawa mfunga mabehewa, kisha gadi. Kwa wenzetu wapya wa ofisini, gadi ndiye mwenye treni. Hukaa behewa la mwisho na kipenga chake, taa na bendera mbili. Dereva haondoki mpaka aone ya kijani, na akiona nyekundu husimama bila kuuliza sababu.

Babu yake alikuwa pagazi wa misafara, mwenye njuga miguuni, aliyekwenda Pwani na kurudi. Mzee Twalibu husema reli ilikuja ikalala juu ya nyayo za babu, na kwamba alfajiri, treni ikiwa imetulia kwenye tambarare, husikia njuga zikitembea chini ya magurudumu. Wengi hapa tumecheka. Mimi sicheki tena.

Wengi mnamkumbuka kwa safari ya mapipa ya asali, pipa lilipopasuka na nyuki wakaifuata treni hadi Bukene. Abiria walitaka kuruka madirishani. Yeye alitembea behewa hadi behewa akiwaambia kwa upole, "Kaeni, ndugu zangu. Hawa hawana tiketi, watashuka wenyewe."

Sasa nifike penye siri. Wasifu rasmi unasema tu kwamba mwaka 1968 alihudhuria mafunzo ya ishara za reli huko Austria. Ni kweli. Lakini Jumamosi moja hakuhudhuria. Mama mwenye nyumba alimofikia alimpa koti la marehemu mumewe na tiketi ya mwanawe aliyekuwa mgonjwa, akamwonyesha treni ya kwenda milimani. Huko kulikuwa na mashindano makubwa ya skii, yaani watu kuteremka mlima wa theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni.

Anasema mlima ule ulikuwa mweupe hadi ukapotelea mawinguni, usijue ardhi imeishia wapi. Umati ulisimama pande zote mbili za njia, na kila mtu ameshika kengele ya ng'ombe. Mshindani alianza kwa kusikika: mkwaruzo kwenye barafu, kama kitambaa kinachochanwa mbali. Kisha alitoka winguni, mdogo kama mbayuwayu, akawa mtu, akapita, na kengele zote zikalia kumsindikiza bondeni. Mzee Twalibu alifumba macho. Anasema alimsikia babu yake akishuka mlima ule. Akaanza kuwaita washindani kwa Kinyamwezi, na Wazungu waliokuwa kando yake wakamwitikia bila kujua wanaitikia nini.

Ndipo kijana mmoja akaanguka kwenye kona. Alilala katikati ya njia, mguu umepinda. Mlinzi wa kona aliacha bendera yake akakimbia kumsaidia. Huko juu, nyuma ya kona, hakuna aliyeweza kuona, na kengele zilikuwa zimeanza kumwita mshindani anayefuata. Mzee Twalibu hakuwaza. Gadi hatembei bila bendera hata akiwa Ulaya. Alipenya kwenye umati, akapanda hadi ukingo wa kona, akachomoa nyekundu kutoka ndani ya koti, akaiinua. Watu wa juu wakaiona, wakazuia mashindano. Mzee mmoja mwenye beji alikuja akamshika mkono, akasema maneno mengi. Kisha akamkalisha penye moto na kumpa kikombe cha maziwa.

Aliporudi akasimulia. Nani angeamini? Abasi, fundi wetu wa karakana, ni Mzaramo, na kwa utani wao na Wanyamwezi hakumpa nafasi. "Mlibebeshwa pembe za ndovu za watu hadi kwetu Pwani mkapewa kaniki," alimwambia. "Leo unataka utubebeshe uongo wa barafu?" Kwa miaka sita alimwita Gadi wa Barafu, na karakana nzima ikafuata.

Mwezi uliopita padri mgeni wa seminari ya Kipalapala alipanda treni ya Mwanza, behewa alimokuwa Abasi. Alikuwa mzaliwa wa milima ileile. Katika mazungumzo alisema kwao bado wanamtaja Mwafrika mmoja aliyesimamisha mashindano kwa bendera ya reli, akaokoa watu wawili. Abasi akauliza, "Alikuwaje, Padri?" Padri akajibu, "Wanasema mwembamba, kofia imemfika masikioni, na bendera ameishika kama anasimamisha dunia." Wakati huo gadi akaingia kukagua tiketi. Abasi akasimama.

"Shikamoo, Twalibu."

Hao ni marika. Mzee Twalibu akampokea bila haya: "Marahaba. Tukifika, mzigo wangu utaubeba wewe."

Kwa desturi yetu, gadi anayestaafu hufanya safari ya mwisho hadi stesheni ya kwao, hujipungia mwenyewe ya kijani, ndipo anakabidhi bendera. Mzee Twalibu ameingoja safari hii ya Jumamosi kuliko zawadi yoyote. Lakini Ndugu Meneja ni mtu wa haki, na hapo ndipo penye hofu yangu. Mwaka jana alimfutia fundi mmoja hafla yake kwa kwenda kutazama mpira saa za kazi. Amesikia fununu za mchezo wa anasa Ulaya, tena na bendera ya umma. Nilimwomba Mzee akane tu. Akanijibu, "Mwanangu, ishara ya uongo huua watu. Nikiulizwa, nitasema."

Basi kazi yetu ni moja: asiulizwe.

Mzee Twalibu, asante kwa kila treni iliyofika salama ukiwa nyuma yake. Nenda Lusu ukapumzike, uamke saa uipendayo, na afya isikuache.

Na wewe msomaji, Jumamosi asubuhi ukimwona Ndugu Meneja akielekea behewa la mwisho, usipige kelele. Njoo dirisha la vifurushi, upande wa ghala, ugonge kioo mara mbili. Nitakuwepo tangu mapambazuko, na mafaili ya kutosha ya kumtaka asaini mpaka treni iondoke.