Kapteni Tregarthen na Mwamba wa 1941

Kapteni Ambrose Tregarthen anastaafu tarehe 31 Machi 1946, baada ya miaka arobaini na moja katika jeshi la majini. Aliingia akiwa na umri wa miaka kumi na minne, amepigana vita vikuu viwili, na anaondoka bila cheo cha admirali. Wengi hapa katika bandari ya Devonport wameniuliza sababu. Ninaijua.

Mwaka 1916 manowari yake ilizamishwa. Alielea saa tatu akimshikilia mpishi wa meli, mzee Cobbledick, asiyejua kuogelea. Walipookolewa, mpishi akalalamika, "Umenivuta ndevu muda wote, afande!" Akajibiwa, "Ndizo pekee zilizokuwa zikielea." Mwaka 1940 aliwatoa askari mia saba katika fukwe za Ufaransa, mabomu yakinyesha, akarudi mara mbili kuwachukua wengine.

Desemba 1941 nilikuwa afisa wake wa ramani katika manowari Fenwick. Nilikosea hesabu ya mkondo wa maji, na meli ikapanda mwamba pwani ya Uskoti. Mabaharia wawili, Jago na Sleeman, wakafa. Mbele ya baraza la uchunguzi niliulizwa kama nilimwonya Kapteni juu ya mwamba ule.

"Ndiyo, afande. Nilimwonya."

Sikumwonya. Aliniangalia kidogo, kisha akaliambia baraza, "Meli ilikuwa mikononi mwangu. Sina la kuongeza."

Nje nilijaribu kumwomba radhi. "Nyamaza, Oddie," akasema. "Mkeo kajifungua juzi tu. Nenda nyumbani."

Yeye alipewa karipio kali na kuwekwa ofisini mwaka mzima; mimi nikapandishwa cheo. Baadaye alilinda misafara ya meli za mizigo katika bahari za kaskazini hadi vita vikaisha. Kila tulipokutana aliniamkua kwa jina, nami nikatazama viatu vyangu.

Nimepewa kazi ya kuandika haya ya kumuaga kwa sababu, wenzangu waliniambia, "wewe unamjua kuliko sisi." Aibu ile haikumezeka tena. Jana niliwaandikia wakubwa ukweli wote, na mama yake Jago, na mjane wa Sleeman. Kapteni, hukuniomba nifanye hivyo, na pengine utanikasirikia.

Tunakushukuru kwa utumishi wako. Bustani yako ya Cornwall ikupe viazi vingi, na usingizi wako uwe mtulivu. Nitakuja kubisha hodi. Usiponifungulia, nitaelewa.

Luteni Kamanda Basil Oddie