Namba Tisa kwenye Orodha ya Wapagazi

Kijiwe cha Kiboriloni ni ubao mmoja mrefu uliokalishwa juu ya matairi mawili ya lori, ukutani kwa fundi baiskeli, hatua chache tu kutoka sokoni. Ukikaa kulia unaona mitumba. Ukikaa kushoto unauona Mlima, wingu likikubali, na ndiyo maana upande wa kushoto una wenyewe. Alhamisi hiyo ya Novemba, mwezi wa kuombea marehemu, mzee Filemon aliwahi kufika kuliko hata mama Priska na birika lake la kahawa. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Wapagazi wa zamani wa parokia yao walikuwa wameomba misa ya wenzao waliotangulia. Misa yenyewe ni Jumapili, na katekista ametaka majina yote yawe mezani kwake leo kabla ya saa kumi jioni. Kazi ya kuyakusanya alipewa Filemon, kwa kuwa ni yeye aliyesimama mbele ya watu na kusema, bila kuulizwa na yeyote, kwamba hajawahi kumsahau mtu aliyepanda naye.

Pale kijiweni hawamwiti Filemon. Wanamwita Gilmani, yaani ile sehemu ya ukingoni mwa kreta ambapo mgeni aliyechoka hupiga picha na kugeuza. Filemon alianza upagazi, akapanda cheo akawa msaidizi wa kiongozi, akafika Gilmani mara tano, na mara zote tano mgeni wake akamtapikia viatu wakarudi.

— Gilmani, leo umechana nywele, alisema Sylvanus. Kuna posa?

Sylvanus ni Breki. Aliendesha magari ya watalii miaka thelathini, anatoka Machame, na Umachame wake hauna likizo.

— Nina majina ya kupeleka kanisani. Kumi na mawili. Watu wa njia ya Marangu.

— Na wa Machame?

— Wa Machame waandike wewe. Nyinyi si mlianza kupanda juzi.

— Juzi? Meku, mzee wangu, ile ya kwenu si njia, ni ngazi za benki. Mtu analala kitandani, ndani ya nyumba ya mbao, halafu anasema amepanda mlima. Njia ni Machame. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, ndiyo maana kwetu watu wanalala kwenye hema.

Mama Priska alimimina. Krunal alipokea kikombe cha kwanza kwa sababu yeye ndiye mwenye duka na lazima arudi. Anauza nati na bolti, wanamwita Spea, na Kichagga chake kinawashinda wajukuu wa Filemon.

— Mnagombania njia, alisema Krunal, na mlima wenyewe unaisha.

— Unaisha vipi?

— Hesabu viatu. Kila mgeni anashuka na udongo kwenye soli, anapanda nao ndege. Kibo kidogo iko Ujerumani, kidogo iko Japani. Mnashangaa nini kila wakipima urefu wanapata namba nyingine? Wangeoshwa viatu getini, udongo ukarudishwa.

— Nani aurudishe?

— Wapagazi. Si wanapanda kila siku.

— Udongo si kitu, alisema Priska. Mimi nasikitikia barafu. Watu wanasema imeyeyuka. Barafu imechukia. Zamani watu walipanda kimya, siku hizi wanapanda na spika. Mgeni akiingia kwako na spika asubuhi na mapema, wewe utakaa?

— Sitakaa, alikubali Breki. Lakini mama, hamjaujua ukweli. Mimi nimeendesha gari, nimeviona kwa macho yangu. Vibao vinatembea.

— Vibao gani?

— Vya njia. Zamani mtu alipanda siku tano. Leo siku saba, nane, na mlima haujarefuka. Kuna watu wanang'oa kibao wanakisogeza mbele kidogo kila mwaka. Mgeni anatembea, kibao nacho kinatembea. Ndiyo ile milima haikutani.

— Hiyo methali haihusu vibao.

— Inahusu milima. Kibao kiko wapi, baharini? Tena ndiyo sababu Kibo na Mawenzi hawasalimiani mpaka leo, tangu Mawenzi aende kuomba moto akapigwa mchi na Kibo.

Filemon alikuwa amevumilia vya kutosha, na kwake uvumilivu ni kitu cha nusu kikombe.

— Acheni uongo. Mtu asiyebeba mzigo hana njia ya kusimulia. Breki, wewe uliishia getini, ukalala garini na redio. Spea, mlima wako ni wa dirishani. Siku nane ni za mtu kuzoea hewa, basi, na hilo hata zamani zile tulilijua. Mgeni aliyekimbia tulimshusha kwa machela.

— Aliye juu mngoje chini, alisema Breki. Nilikuwa nawangoja.

Watu walicheka. Filemon hakucheka, kwa sababu kimawazo alikuwa ameshaondoka pale ubaoni. Alikuwa msituni, juu ya geti la Marangu, njia ingali nyembamba na nyeusi, mizizi imekatiza kama mishipa ya mkono wa mzee. Ngata ya majani makavu ya migomba kichwani, mzigo juu yake, na miguuni katambuga za matairi zilizoshika tope kuliko buti lolote la dukani. Mbega wanaruka juu. Kambi ya Mandara, moshi wa kuni mbichi. Kesho yake unatoka msituni ghafla na anga linakuwa kubwa, mpaka unaona aibu kama uliyeingia nyumba ya watu bila kubisha. Kisha Horombo, na ile miti yenye vichwa vya kabichi. Kisha Maji ya Mwisho, unajaza madebe. Kisha lile jangwa katikati ya Mawenzi na Kibo, upepo unakuingia masikioni, na mbele yako, saa tatu nzima, kile kibanda cha Kibo hakisogei. Vijana walikuwa wakiimba. Hata waliokuwa na homa waliimba, kwa kuwa ukinyamaza mzigo unakusikia.

— Njia ya Marangu ni njia ya watu, alisema. Nitawapa ushahidi. Kulikuwa na kijana, Mayai. Miaka tisa alibeba mayai ya wageni kutoka getini mpaka Kibo. Trei sita ndani ya kikapu, kikapu kichwani. Mvua, ukungu, theluji. Hakuvunja hata moja. Mpishi alikuwa anayahesabu kwa hasira, anatafuta kosa, halipati.

— Miaka tisa? alisema Breki.

— Tisa. Sasa mpe kikapu hicho apande nacho kwenu, ule ukuta wa mwamba wa Barranko, unaopandwa kwa mikono. Angefika na uji.

Breki akageukia kashata.

Ndipo alipokuja Elisifa. Ni binti aliyepanga chumba nyuma ya soko, amemaliza mafunzo ya kuongoza wageni mwaka huu, na amepanda mara nne tayari.

— Shikamooni.

— Marahaba. Huyu hapa, alisema Krunal. Mwulizeni yeye kama vibao vinatembea.

— Mimi ndiye niliyetembea, babu. Vibao vilikuwa vimekaa.

Filemon alimpenda papo hapo. Akamkabidhi karatasi yake, maana miwani aliisahau nyumbani na hakutaka Breki ajue.

— Nisomee kwa sauti, mwanangu. Nataka kuhakikisha hakuna aliyeachwa.

Elisifa alisoma vizuri, polepole, kama msoma matangazo kanisani. Rogati wa Kilema. Kaspari, mpishi. Joakimu, aliyekufa kwa maji mapafuni pale Kibo. Wazee wakaitikia kila jina kwa kichwa, hata Breki. Alipokaribia mwisho akasimama.

— Namba tisa umeandika Mayai.

— Ndiyo.

— Hili ni jina, babu, au ni mzigo?

— Ni huyo niliyekuwa namsimulia. Mayai.

— Nimeelewa. Jina lake nani?

Mama Priska aliacha kumimina.

— Sisi tulikuwa tunaitana kwa mizigo, alieleza Filemon, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Asubuhi mpishi anasimama na orodha yake, hajali nani kaja. Anaita mzigo. Jiko. Hema. Maji. Mayai. Unajibu nipo, unapanga mstari. Ndivyo kazi ilivyokuwa.

— Lakini hawa wengine wana majina.

— Hawa niliwazika. Ukienda msibani unalisikia jina.

— Na Mayai?

— Tulikuwa juu na msafara. Tuliposhuka tukaambiwa getini kwamba amekufa kwa kifua, ameshazikwa juzi yake. Kesho yake tukapanda tena.

Breki alijaribu kusaidia.

— Andika Aloisi. Wa umri ule wengi ni kina Aloisi.

— Au Petro, alisema Krunal. Aliyebeba bila kuangusha lazima awe Petro. Jiwe.

— Msimbatize mtu aliyekwisha kuzikwa, Filemon alifoka. Mmesikia? Sitapeleka uongo altareni.

— Basi acha hivyo hivyo, Mayai, alisema Priska kwa upole. Mungu anamjua.

— Mungu hakuombwa kuleta orodha. Niliombwa mimi.

Soko liliendelea na kelele zake. Mtu alikuwa akinadi mashuka. Filemon aliuegemea ukuta, akapekua kumbukumbu yake kama mtu anayepapasa darini gizani. Alimwona Mayai wazi kabisa: pengo la jino la juu, sweta ya kijani iliyoshonwa kiwiko, namna alivyopiga goti kwanza ndipo atue kikapu. Shingo yake. Wimbo aliokuwa akianzisha pale Maji ya Mwisho wenzake wakianza kulegea. Vyote hivyo vilikuwapo, na jina halikuwapo. Wala halikuwa limepotea. Kitu ambacho hukukipokea hakipotei.

— Kwao wapi? aliuliza Breki, bila utani sasa.

— Juu. Kazi ikiisha alikuwa anashukia njia ya chini ya geti la Marangu. Sijui nyumba.

Elisifa alikuwa bado ameshika karatasi. Aliuliza swali dogo, kwa heshima.

— Na yeye, babu, alikuwa anakuita nani?

Filemon alitaka kujibu upesi kama kawaida yake. Kwa mpishi alikuwa Taa, kwa kuwa alibeba chemli na mafuta. Kwa Jiko alikuwa Taa. Kwa Maji, kwa Hema, Taa.

— Aliniita Filemon, alisema.

— Siku yangu ya kwanza, pale Mandara. Nilikuwa nimekaa pembeni, miguu imevimba. Akaja na chai akaniuliza, nyumbani wanakuitaje? Nikamwambia. Toka siku hiyo hakuniita Taa hata mara moja. Mpaka mpishi alikuwa anamgombeza.

— Na wewe ukamuuliza lake?

— Nikasema aika, asante, basi. Nikanywa chai.

Priska alitazama chini. Krunal, ambaye alipaswa kuwa dukani zamani, alibaki amekaa.

Filemon aliomba kalamu na karatasi kwa Elisifa, akaonyeshwa mstari wa tisa. Akakata neno Mayai kwa mstari mmoja, polepole, akaiacha nafasi ya kando yake nyeupe. Akaikunja karatasi akamrudishia binti mkononi, kisha akasimama, magoti yakilia.

— Mpelekee katekista. Ofisi ni ile ya nyuma ya kanisa.

— Na wewe, babu?

— Napanda Marangu. Naanzia getini, nikishuka, nyumba kwa nyumba.

— Katekista akiuliza nafasi ya tisa nimwambie nini? Anafunga saa kumi.

— Mwambie majina kumi na moja ni hayo, alisema Filemon, akivuka barabara. Hilo la tisa nimelifuata.