Taa ya Kinyonga wa Madino

Alhamisi alasiri kinyonga alikula panzi mkononi mwangu. Hilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida. Aliyemfuga ni marehemu mke wangu, Madino. Tangu tumzike, mapema mwaka wa 1996, nilikiweka kizimba chumbani, mapazia yamefungwa, na miguu ya kinyonga ikaanza kupinda. Nikajua anakosa miale ya urujuanimno, ile ya jua inayoimarisha mifupa. Nikaagiza Nairobi taa inayotoa miale hiyo; ilipofika wiki hiyo, nikaiwasha mchana kutwa, shibiri moja juu ya kichwa chake. Ijumaa hakufumbua macho. Jumamosi nikakibeba kizimba hadi benchi la kahawa la Ramlo, sokoni Garissa, nimwulize Dekow, fundi umeme tunayemwita Volti.

— Mwalimu, hii taa ulisoma karatasi yake?

— Ilikuja bila karatasi.

— Basi weka mbali, dhiraa mbili. Masaa sita, unazima.

— Mbili? akadakia Yarrow Redio, ambaye husikiliza stesheni zote na kuchanganya habari zake. Weka kwa dari! Huko Ulaya hii taa wanaweka kwa nyumba ya jirani.

— Na jirani anakubali? akauliza Volti.

— Anavaa miwani, wallahi.

— Basi huyu pia avae. Lakini kila jicho inaangalia upande yake. Mwalimu atanunua miwani mbili.

Wakacheka. Ramlo hakucheka. Alikuwa akimimina kahawa, amesimama mbali na kizimba.

— Mimi hii mnyama siigusi. Lakini Madino akipita nayo hapa kwa bega, ilikuwa kijani kabisa. Leo ni nyeusi.

Volti akashusha sauti.

— Walaal, ndugu yangu, wewe umesoma chuo kikuu. Ulipima huo mwanga?

— Sikupima.

Nimefundisha fizikia miaka kumi na saba.

Bilan, mama aliyeshuka na lori kutoka Tarbaj asubuhi hiyo kuuza maziwa ya ngamia, akatua mtungi wake, akainama, akachungulia kizimbani.

— Kwani jua ya Garissa imeisha?

Yarrow akatazama kikombe chake. Volti akanitazama mimi. Ningeweza kusema kwamba mapazia yale Madino ndiye aliyeyafunga mara ya mwisho. Nikakibeba kizimba, nikarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata, saa moja, niliyafungua mapazia. Nikakitoa kizimba uani, nusu juani, nusu kivulini, kinyonga achague mwenyewe. Jicho la kulia lilifumbuka. La kushoto halikufumbuka. Nikakaa naye hadi saa nne, nikikisogeza kizimba kila kivuli kiliposogea.