Mzee Nchagwa Anastaafu, Sahihi ya Mama Bado

Mzee Nchagwa Wangwe, afisa mikopo ya nyumba wa Saccos yetu hapa Nyamwaga, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Siku hiyo hiyo anatakiwa kurudisha ufunguo wa nyumba ya ofisi anayoishi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchaguliwa mfanyakazi bora. Zawadi ilikuwa ya anayetoa mikopo haraka, na Mzee haraka hana.

Alianzia mikopo ya mbolea, akahamishiwa ya nyumba. Wateja walitaka pesa, yeye akawapa maana ya maneno kwanza. Kianzio ni sehemu ya bei unayotoa mfukoni mwako, siyo soda ya dalali. Mthamini hakuja kuisifia nyumba, amekuja kusema ingeuzwa bei gani leo. Riba aliilinganisha na maziwa unayompelekea mwenye ng'ombe uliyemwazima: ukikaa na ng'ombe wake muda mrefu, utapeleka mengi.

Rehani ndiyo iliyomtesa, maana huku kwetu ukiweka kitu rehani unakikabidhi. Mteja mmoja, Simioni, alipoambiwa nyumba yake itakuwa dhamana, kesho yake alikuja na mlango juu ya bodaboda, bawaba zikining'inia. Sisi wenzake ofisini tulicheka. Mzee hakucheka.

"Rudisha mlango, baba, watoto wanapigwa baridi. Nyumbani unaendelea kukaa, kwetu inakaa hati tu. Ukishindwa kulipa, hapo ndipo tunauza."

Tena hakuna mume aliyesaini mbele yake kabla mke hajakaa kitini na kueleza mkopo kwa kinywa chake, hata kwa Kikurya. Wanaume waliwaka. "Mzee, unanikopesha mimi au mke wangu?" Naye: "Nyumba ikiuzwa, wewe utalala baa. Yeye na watoto je?" Waliochoka wakaenda kwa wakopeshaji wa chapchap mjini. Baadhi tumewaona tena, wakiulizia chumba cha kupanga.

Sasa Mzee, mwalimu wetu wa kununua nyumba, ambaye mwenyewe nyumba hana, amepata moja Tarime. Kianzio kitatoka kwenye kiinua mgongo, kilichobaki ni mkopo wetu. Wiki iliyopita alimkalisha mkewe, mama yetu Mokami, kwenye kiti kile kile. Mzee akaeleza mkopo vizuri sana. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Tukimaliza kulipa mapema, riba ya miaka iliyobaki mnatusamehe au mnakula?"

Mzee alikuna kichwa, akaenda kumuuliza meneja. Meneja naye bado anauliza makao makuu. Mama amefunga kalamu, amerudi kupalilia migomba yake.

Mzee, wengi wetu tunalala chini ya paa letu kwa sababu ulituchelewesha. Asante sana. Mama, usisaini mpaka ujibiwe. Tunawatakia uzee mwema ndani ya nyumba yenu wenyewe. Na ule ufunguo wa nyumba ya ofisi, Mzee, kaa nao kwanza. Safari hii wanaochelewesha ni sisi.